Funza wa ushahidi: njia nne za vinasaba za kutambua spishi, na ipi ikufae ukiwa Dar

Mwili ukikutwa baada ya siku kadhaa, joto la mwili na kukakamaa kwa viungo havimsaidii tena daktari kukadiria lini mtu alifariki. Mara nyingi kinachobaki ni funza. Ukijua ni wa spishi gani, wamefikia hatua gani ya kukua, na mahali pale palikuwa na joto kiasi gani, unaweza kuhesabu kurudi nyuma hadi nzi wa kwanza alipofika. Hesabu yote hiyo imesimama juu ya jina la spishi. Jina likikosewa, kila namba inayofuata ni ya mdudu mwingine.

Hapa Dar es Salaam kosa hilo ni zito zaidi kwa sababu joto linaharakisha kila kitu. Kwenye nyuzi 28 hivi za Selsiasi, mayai ya nzi wa kijani huanguliwa ndani ya siku moja, na Chrysomya megacephala, spishi mojawapo ya nzi hao, anaweza kutoka yai hadi nzi kamili kwa siku kumi hivi. Nzi wa jamii ya Sarcophagidae, wale wa kijivu wenye mistari kifuani na mirabaraba kama ubao wa drafti tumboni, kwa kawaida hawatagi. Huangusha mabuu hai moja kwa moja juu ya mzoga. Ukiwachukulia kama nzi wa kijani umeongeza muda wa yai ambalo halikuwahi kuwapo. Kwa mtuhumiwa aliyekuwa Morogoro Jumanne na Dar Jumatano, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Nimeandika kwa ajili ya mtaalamu wa maabara, mwanafunzi wa uzamili au mpelelezi ambaye vielelezo viko mezani na anajiuliza: nitumie njia gani?

Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote nne kwa mambo yale yale. Kwanza, hali ya sampuli inayoweza kuvumiliwa: buu mzima aliyehifadhiwa vizuri ni kitu kimoja, ganda tupu la pupa (hatua kati ya buu na nzi kamili) lililokaa juani ni kingine. Pili, uwezo wa kutenganisha spishi ndugu. Tatu, muda, fedha na vifaa, tukihesabu umeme unaokatika na vitendanishi vinavyoagizwa nje. Nne, namna matokeo yatakavyosimama mbele ya hakimu. Kila njia nimeimalizia kwa kusema inamfaa nani.

Kuna jambo la tano linalozigusa zote, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko mengine: sampuli rejea za hapa kwetu. Njia yoyote ya vinasaba hulinganisha mdudu wako na mdudu mwingine ambaye mtaalamu alishamtambua kwa macho. Kama wa kulinganisha naye alitoka Malaysia au Brazili, jibu lako lina pengo, hata mashine iwe ya bei gani.

Kabla ya mashine yoyote

Maamuzi mengi hufanyika pale eneo la tukio, wala si maabara. Chukua mabuu kutoka sehemu mbalimbali za mwili na udongo ulio chini yake, ukianza na wakubwa kabisa, maana hao ndio wa umri mkubwa. Wagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza liue kwa maji yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika hivi, kisha uweke kwenye ethanoli ya asilimia 80 hadi 95. Maji ya moto huwanyoosha na kuwazuia wasiwe weusi, hivyo urefu wao unapimika. Fungu la pili liache hai juu ya kipande cha maini, ndani ya chombo chenye mchanga au vumbi la mbao, mpaka nzi kamili watoke. Kwa joto la Dar hutasubiri sana, na nzi kamili ni rahisi zaidi kutambua kwa hadubini.

Formalini iepuke kabisa. Inahifadhi umbo vizuri lakini inaharibu vinasaba. Chumba cha maiti kikikupa mabuu waliokaa ndani ya formalini, tayari umepoteza nusu ya machaguo yaliyomo kwenye makala hii.

Andika pia saa ambayo mwili uliingizwa kwenye jokofu, kwa sababu kuanzia hapo mabuu wamepunguza mwendo wa kukua. Na waelezeni ndugu wa marehemu kwamba kuchukua wadudu ni kazi ya muda mfupi, haizuii maziko. Watu wanasubiri kumzika mtu wao. Wana haki ya kuambiwa hivyo kwa upole na kwa uwazi.

Ukifika maabara, pima urefu na piga picha kwanza. Kisha mkate buu katikati: hifadhi kichwa chenye kulabu za mdomo, hifadhi na ncha ya nyuma yenye matundu ya kupumulia, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo mtaalamu mwingine atakavyovitaka akitaka kukuhakiki. Toa utumbo na mfuko wa chakula, ubaki na ukuta wa mwili na misuli. Mfuko wa chakula una nyama ya marehemu, na hutaki ichanganyike na vinasaba vya mdudu. Ukikusudia kuipima nyama hiyo ili kujua buu alikuwa akila mwili wa nani, jambo ambalo linawezekana, umeingia kwenye vinasaba vya binadamu. Hapo kuna sheria ya mwaka 2009 na utaratibu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa nzi kamili, miguu miwili mitatu inatosha, mwili wote unabaki mzima.

Njia ya kwanza: PCR na kukata kwa vimeng'enya

Unazalisha kipande cha jeni kwa PCR, yaani kukirudufu mara nyingi kwenye mashine, unakikata kwa vimeng'enya vinavyotambua mfuatano maalumu wa herufi za vinasaba, halafu unakitembeza kwenye jeli, ambako vipande hujipanga kwa urefu. Kila spishi inatoa mistari ya urefu wake. Ndiyo njia iliyofungua mlango: mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliitumia kwenye jeni za mitokondria (vinu vya nishati vya seli, vyenye vinasaba vyake) kutenganisha nzi watatu wanaokutwa kwenye mizoga, na tangu hapo vinasaba vya wadudu vikaingia kwenye uchunguzi wa vifo.

*Sampuli.* Inataka kipande kirefu kiasi, chenye sehemu zote za kukatwa. Buu wa kwenye ethanoli hana shida. Ganda tupu la pupa mara nyingi vinasaba vyake vimekatikakatika, na mistari haitokei au inatokea nusu.

*Spishi ndugu.* Inatenganisha vizuri zile ambazo ulishazifanyia majaribio. Hatari iko kwa zile ambazo hukuzijaribu. Badiliko la herufi moja kwenye sehemu ya kukatwa linaweza kumfanya mdudu wa spishi ile ile aonekane mgeni, na spishi mbili tofauti zinaweza kutoa mistari inayofanana.

*Muda, fedha na vifaa.* Hapa ndipo penye nguvu yake. Mashine ya kawaida ya PCR, tangi la jeli, taa ya kuangalizia, na friji inayotunza vimeng'enya kwenye baridi. Kazi inaisha ndani ya siku moja au mbili, na hakuna kinachotoka nje ya jengo. Angalizo ni umeme: vimeng'enya vikikaa nje ya baridi kwa sababu umeme umekatika usiku, vinaweza kushindwa kukata hata siku ambayo umeme upo, na kutokukatwa kunaweza kusomeka kimakosa kama tabia ya spishi. Weka sampuli rejea kwenye kila jeli.

*Mahakamani.* Picha ya jeli inaeleweka kirahisi. Wakili mzuri atauliza ni wadudu wangapi wa Tanzania walipimwa kabla ya huyu. Jibu liwe tayari.

*Inamfaa* anayefundisha, na maabara yenye orodha fupi ya spishi ilizozihakiki mwenyewe.

Njia ya pili: PCR yenye praima za spishi maalumu

Badala ya kukata, unatumia praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoiambia PCR ianzie wapi) kadhaa kwa pamoja, kila moja ikiwa imetengenezwa ishike spishi moja tu na kutoa kipande cha urefu wake. Kama umewahi kufanya kazi na mbu, unaijua tayari hata kama hujawahi kuigusa kwa nzi. Kipimo cha kutenganisha mbu wa kundi la Anopheles gambiae kilichochapishwa mwaka 1993 ni cha aina hii hii: kipande chenye urefu wa jozi besi (herufi za vinasaba) 390 ni Anopheles gambiae, cha 315 ni Anopheles arabiensis. Kwa sababu ya utafiti wa malaria, Dar na Bagamoyo kuna vijana wengi waliosoma jeli hizo mpaka wakazizoea. Hiyo ni hazina ambayo wapelelezi wengi hawajui kama ipo karibu.

*Sampuli.* Vipande vinaweza kuwa vifupi, kwa hiyo inavumilia sampuli chakavu kuliko njia ya kwanza. Kwa ganda la pupa au buu aliyekauka, ni chaguo la kufikiria mapema.

*Spishi ndugu.* Nzuri sana ikiwa praima zimetengenezwa juu ya tofauti halisi. Lakini kipimo hiki hujibu swali uliloliuliza tu. Mdudu asiyekuwa kwenye orodha atakupa kimya, au mbaya zaidi, atakupa mstari wa jirani yake. Na praima zilizobuniwa kwingine hazihami kirahisi: za Asia au Australia zinalenga kumtofautisha Chrysomya rufifacies, wakati hapa kwetu mwenye mabuu yenye vinundu vya nyama mwilini ni Chrysomya albiceps.

*Muda, fedha na vifaa.* Saa chache. Ukiwa na mashine ya PCR inayosoma mwanga moja kwa moja, hata jeli huihitaji. Gharama iko mwanzoni, kwenye kubuni na kuhakiki praima. Baada ya hapo kila sampuli ni nafuu.

*Mahakamani.* Ndiyo au hapana iliyo wazi, mradi umeonyesha sampuli rejea imefanya kazi na sampuli tupu, isiyo na mdudu, imebaki tupu.

*Inamfaa* mwenye mashauri mengi yanayojirudia spishi zile zile, au anayeharakishwa kupata jibu la awali.

Njia ya tatu: kusoma mfuatano wa COI

Hii ndiyo inayotajwa zaidi. Unazalisha sehemu ya jozi besi 658 ya jeni ya COI ya mitokondria, mara nyingi kwa praima zilizochapishwa mwaka 1994, unasoma herufi zake moja moja kwa mbinu ya Sanger, halafu unazipeleka kwenye kanzidata za BOLD na GenBank. Wazo la kuifanya sehemu hiyo kuwa kitambulisho cha wanyama wote lilitolewa mwaka 2003.

*Sampuli.* Kila seli ina nakala nyingi za mitokondria, hivyo hata mguu wa nzi unatosha. Sampuli ikiwa chakavu, unaweza kusoma kipande kifupi cha sehemu hiyo hiyo na mara nyingi kikatosha. Mchanganyiko wa wadudu wawili haufai. Unasoma herufi juu ya herufi.

*Spishi ndugu.* Hapa nataka tukae kidogo.

Kwa sehemu kubwa COI inafanya kazi nzuri. Kwa Sarcophagidae ni mkombozi, maana mabuu wao ni wagumu mno kwa hadubini na hata nzi kamili hutambulika kwa uhakika kwa viungo vya uzazi vya dume tu. Lakini ina mahali inapoteleza, na mahali pamoja ni petu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba Chrysomya putoria alichipuka kutoka ndani ya Chrysomya chloropyga hapa hapa Afrika, tena si zamani sana, kiasi kwamba COI zao hazigawanyiki katika makundi mawili safi. Kanzidata itakurudishia asilimia 99 na jina moja, lakini namba hiyo haitakuambia kwamba jina la pili lilistahili vile vile.

Kwa mpelelezi wa Dar hili lina maana ya vitendo. Chrysomya putoria ni nzi wa vyoo vya shimo. Huzaliana kwenye kinyesi na pia kwenye mizoga. Mwili ukikutwa uani, hatua chache kutoka chooni, mabuu wakubwa walio pembeni mwa mwili wanaweza kuwa wametoka chooni na hawahusiani na kifo. Ukiwapa umri na kuuita umri wa kifo, umerudisha saa nyuma bila sababu. Kwa hiyo katika mazingira hayo jina la spishi, mahali alipookotwa buu, na kilichomo tumboni mwake vinasomwa pamoja.

Mfano mwingine ni wa Lucilia, jenasi nyingine ya nzi wa kijani. Baadhi ya Lucilia cuprina hubeba mitokondria inayofanana na ya Lucilia sericata, matokeo ya kuchanganyika kwa koo. COI peke yake itakudanganya, lakini jeni ya ndani ya kiini, kama 28S, inafichua. Ndiyo maana mimi hushauri jeni ya pili kila mara jibu linapoangukia Lucilia. Kuna pia nakala za mitokondria zilizohamia kwenye kiini na kuoza taratibu. Ukiona kodoni za kusimama (alama za mwisho wa jeni) katikati ya jeni, umesoma nakala hiyo: rudia kazi.

*Muda, fedha na vifaa.* PCR unafanya hapa. Kusoma mfuatano mara nyingi maana yake ni kupeleka nje kwa kampuni, na hapo wiki zinaingia. Peleka bidhaa ya PCR, mdudu mwenyewe abaki Dar chini ya kufuli. Inarahisisha vibali na inalinda mnyororo wa utunzaji wa kielelezo.

*Mahakamani.* Faida yake kubwa ni kwamba herufi zinabaki. Mtaalamu wa upande wa utetezi anaweza kuzichukua, kuzipima upya na kupinga au kukubali. Taja kwenye ripoti ulilinganisha na sampuli zipi, tarehe gani, na kama zilikuwa na mdudu aliyehifadhiwa makumbusho. GenBank inapokea majina kama mwandishi alivyoyaweka, na mengine yamekosewa.

*Inamfaa* mwenye mdudu asiyejulikana kabisa, na kila shauri linaloelekea Mahakama Kuu.

Njia ya nne: mashine ndogo za nanopore na mchanganyiko mzima

MinION ya kampuni ya Oxford Nanopore ni mashine ndogo ya kusoma vinasaba, inayoshikika mkononi na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato. Unaweza kuwapa wadudu mamia alama zao na kuwasoma kwa mkupuo mmoja, au kusaga kundi zima la mabuu na kuuliza: mna nani humu?

*Sampuli.* Inapokea mchanganyiko, jambo ambalo tatu za kwanza hazilimudu vizuri. Lakini kusaga kundi ni uamuzi usiorudi nyuma. Umri unakadiriwa kwa urefu na hatua ya buu mmoja mmoja. Ukisaga kabla ya kupima, umebaki na orodha ya majina yasiyo na umri. Kwa ushahidi wa kifo sipendekezi kusaga ila kwa ziada iliyobaki baada ya fungu kuu kuhifadhiwa.

*Spishi ndugu.* Ukisoma COI tu, udhaifu wa COI unahamia nao. Ukiongeza jeni za kiini kwenye mkupuo huo huo, inaizidi Sanger. Idadi ya mifuatano isichukuliwe kuwa idadi ya mabuu.

*Muda, fedha na vifaa.* Siku mbili tatu ukiwa na kila kitu. Vibao vya kusomea vinataka baridi na vina muda mfupi wa matumizi, na vikikwama uwanja wa ndege vikisubiri forodha, fedha imepotea. Sampuli kumi ni ghali. Sampuli mia mbili ni nafuu. Unahitaji pia mtu anayejua kuchambua data, si kubonyeza tu.

*Mahakamani.* Msomo mmoja mmoja una makosa mengi kuliko wa Sanger. Usahihi unapatikana kwa kuunganisha mingi. Hilo linaelezeka, ila utalieleza kwa muda mrefu.

*Inamfaa* taasisi inayojenga maktaba ya nzi wa Pwani, na mtafiti mwenye sampuli nyingi kuliko mashauri.

Uchague nini, kwa hali yako

Una mabuu hai na siku chache za kusubiri: wafuge kwanza, tambua nzi kwa hadubini, kisha thibitisha kwa COI. Angalia tu ufunguo (mwongozo wa kutambua spishi kwa umbo) unaotumia ni wa lini, kwa sababu Chrysomya megacephala aliingia Afrika miaka ya 1970, na funguo za kabla ya hapo hazimjui.

Una maganda ya pupa na mabuu waliokauka: praima za spishi maalumu zenye vipande vifupi, au kipande kifupi cha COI. Kukata kwa vimeng'enya kusiwe chaguo la kwanza.

Polisi wanataka fununu kabla ya wikiendi: praima maalumu, huku ukiandika wazi kwamba ni jibu la awali na COI iko njiani.

Mwili uko karibu na choo, jalala au banda la kuku: COI pamoja na jeni ya kiini, na ramani ya kila buu alipookotwa.

Huna fedha, una mashine ya PCR na wanafunzi wenye ari: kata kwa vimeng'enya, na hakiki kwa nzi uliowakamata mwenyewe Kigamboni, Mbezi na Pugu kabla ya kugusa kielelezo cha mtu.

Una mradi wa miaka kadhaa: nunua nanopore, kusanya nzi kamili msimu wa masika na wa kiangazi, kila mmoja apewe namba na pini yake kwenye kabati, na mfuatano wake uwekwe wazi. Wenye njia tatu nyingine wote watakuja kuchota hapo.

Na kama jibu lako linabadilisha siku ya kifo kwa zaidi ya saa chache, usitie sahihi kwa jeni moja. Omba jeni ya pili na jicho la pili, kisha tafuta joto la mahali penyewe: chukua takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu acha kipimajoto eneo la tukio kwa siku kadhaa uone kivuli kile kinatofautiana kiasi gani na kituo.